Kuikosoa serikali kwa vita vya ng'ambo: swali la Bunge, maandamano, redio au mahakama?

Mkaazi wa Unguja au Pemba anayeona kwamba vita vya ng'ambo vinaendeshwa vibaya, na anataka kulisema hilo hadharani, ana njia nne zenye uzito: kumtumia mbunge wake, kuandamana, kwenda redioni, au kufungua kesi. Gumzo la baraza na la maskani tumeliacha. Hilo lipo siku zote na halihitaji mwongozo, ingawa hoja nyingi nzuri huzaliwa huko na kufia huko huko.

Njia hizi hazina uzito mmoja kila wakati. Maandamano yana nguvu zaidi kabla ya vita kuanza. Askari wakishaondoka, kinachoibana serikali ni swali lenye tarakimu Bungeni, na redio ni ya kulisukuma swali hilo. Mahakama huja baadaye, tena kwa hoja nyembamba tu. Anayechagua kwa hasira huchagua maandamano kila mara, na mara nyingi anakuwa ameshachelewa.

| Njia | Inafaa lini | Huharibika wapi |
|---|---|---|
| Swali la Bunge | Askari wameshapelekwa. Msimu wa bajeti (Aprili hadi Juni) | Swali pana, lisilo na kiasi wala tarehe |
| Maandamano | Uamuzi bado haujapitishwa | Taarifa ya polisi. Madai mengi kwa pamoja |
| Redio | Wakati wowote, ukiwa na karatasi mkononi | Sentensi moja isiyo na ushahidi |
| Mahakama | Baada ya kifo, jeraha au malipo kukwama | Kuuliza uhalali wa vita vyenyewe. Muda kupita |

Unaikosoa serikali ipi?

Swali hili huonekana la kitoto, lakini ndilo linalopoteza watu wengi. Mambo ya Nchi za Nje, Ulinzi na Usalama, na Polisi yamo katika orodha ya Mambo ya Muungano. Orodha hiyo ilianza na mambo 11 katika Hati za Muungano za 1964, na sasa yako 22 katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya 1977. Kwa hiyo uamuzi wa kupeleka askari Kongo au Msumbiji si wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na Baraza la Wawakilishi pale Chukwani halina mamlaka juu yake.

Kosa la kawaida kuliko yote ni kumpelekea hoja mwakilishi badala ya mbunge. Kila jimbo katika majimbo 50 ya Zanzibar lina wote wawili, na wakati wa kampeni wanatembea pamoja, basi kuwachanganya ni rahisi. Mwakilishi atakusikiliza kwa adabu, ataipokea barua yako, na barua itaishia kwenye jalada. Wapo pia wajumbe watano ambao Baraza la Wawakilishi linawachagua miongoni mwao kuingia Bungeni. Hao wanakaa katika vyombo vyote viwili, na kwa hoja ya namna hii ndio wa kuwatafuta pale ambapo mbunge wa jimbo hapokei simu.

Kuna upande ambao Chukwani ni pahala pake. Afya si jambo la Muungano. Majeruhi aliyerudi nyumbani na anatibiwa katika hospitali ya Serikali ya Mapinduzi, tatizo la dawa na vitanda ni la mwakilishi. Na familia ikigombana juu ya kugawana mafao ya marehemu, hilo ni la Mahakama ya Kadhi na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Halimo kabisa katika ukosoaji wa vita, na ukilitia humo utaiharibu hoja yako na ya familia.

Je, ikiwa vita ni vya dola nyengine, mfano Marekani kule Iraq au Urusi kule Ukraine? Hapo maandamano ya Mji Mkongwe yanakosa mlango wa kufikia. Ubalozi mdogo wa Marekani Zanzibar ulifungwa 1979, na balozi nyingi ziko Dar es Salaam. Hoja yenye anwani ni kuiuliza serikali yetu imesema nini na imepiga kura gani. Tarehe 2 Machi 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura ya kuitaka Urusi iondoe majeshi yake Ukraine: nchi 141 zilisema ndiyo, 5 zilikataa, 35 zilijizuia, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa hizo 35. Uwe unaona kujizuia kulikuwa busara au woga, hilo ni jambo ambalo waziri mmoja, mwenye kiti chake Dodoma, anaweza kuulizwa na akalazimika kujibu. Kumlaani rais wa nchi ya mbali hakumlazimishi mtu yeyote kujibu chochote.

Kabla ya risasi ya kwanza: London na Ankara, 2003

Vita vya Iraq vimetuachia mfano mzuri wa kulinganisha, kwa sababu nchi mbili zilipinga jambo moja katika wiki zile zile na zikapata matokeo tofauti.

London, tarehe 15 Februari 2003, polisi walikadiria watu 750,000. Waandaaji walisema idadi ilizidi hapo sana, mpaka milioni mbili. Hayo ni maandamano makubwa kuliko yote yaliyowahi kuonekana katika mji ule. Siku 31 baadaye, tarehe 18 Machi, wabunge walipiga kura na serikali ikashinda 412 kwa 149. Wabunge 139 wa chama tawala, Labour, walikuwa wameunga mkono marekebisho ya kupinga, na Robin Cook, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje kabla ya hapo, alishajiuzulu uwaziri siku moja kabla. Hawakutosha. Waandamanaji walikuwa wengi kupita kiasi, ila nguvu yao haikuelekezwa kwa wabunge maalumu waliobaki wakisitasita.

Ankara, tarehe 1 Machi 2003, Bunge la Uturuki lilijadili ombi la kuwaruhusu askari 62,000 wa Marekani kupita katika ardhi yake. Siku hiyo hiyo maelfu ya watu waliandamana katika mji huo huo. Kura zilikuwa ndiyo 264, hapana 250, na 19 hawakuegemea upande. Ndiyo zilizidi, lakini waliokuwemo ukumbini walikuwa 533, na kanuni ilitaka zaidi ya nusu yao, yaani 267. Ombi likaanguka kwa kura tatu. Vita havikuzuilika, maana Marekani iliingia kupitia Kuwait, lakini upande wa kaskazini ulifungwa.

Tofauti ya Ankara ni kwamba waandamanaji walikuwa na kura moja, siku moja na jambo moja la kukataa: ardhi yetu isitumike. Visiwa hivi vina historia ya hoja kama hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Marekani ilijenga kituo cha kufuatilia vyombo vya anga huko Tunguu, na wapinga ukoloni walikipinga kwa madai kwamba kinaviingiza visiwa katika ugomvi wa mataifa makubwa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kikaondolewa. Kitu kilichopo juu ya ardhi yako ni rahisi kukipinga kuliko kitu kilichopo kwenye ramani.

Kwa hiyo ukitaka kuandamana, tafuta kwanza kura au uamuzi ambao bado haujapita. Ukikuta umeshapita, nguvu zako ziende kwenye njia inayofuata.

Askari wameshaondoka: swali lenye kiasi na tarehe

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo tunapopendekeza watu wengi waanzie.

Tazama Vietnam. Azimio lililompa Rais Johnson wa Marekani uhuru wa kutumia jeshi lilipita tarehe 7 Agosti 1964 kwa kura 416 kwa 0 katika Baraza la Wawakilishi la kule na 88 kwa 2 katika Seneti. Miaka mitano baadaye, Novemba 1969, watu wanaokaribia nusu milioni walikusanyika Washington, na bado Aprili 1970 askari wakaingizwa Kambodia. Kilichofunga mlango wa mwisho ni fedha: bunge lilipitisha sheria kwamba baada ya tarehe 15 Agosti 1973 hakuna senti itakayotumika kwa mapigano ya Marekani katika Indochina. Mabomu yakakoma siku hiyo. Maandamano yaliwatia wabunge ujasiri wa kupiga kura ile, hilo hatulikatai, lakini kura ya bajeti ndiyo iliyozima ndege.

Karibu na kwetu, linganisha Afrika Kusini na Tanzania, nchi mbili zilizokuwa pamoja na Malawi katika kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, huko Kongo Mashariki kuanzia Disemba 2023. Katiba ya Afrika Kusini, kifungu cha 201, inamtaka Rais aliarifu Bunge bila ya kukawia mambo manne: sababu, mahali, idadi ya askari, na muda. Kwa kanuni hiyo wananchi wa kule walijua mapema kwamba askari walioidhinishwa ni 2,900, kwa gharama ya zaidi ya randi bilioni 2, mpaka tarehe 15 Disemba 2024. Askari wao 14 walipouawa Januari 2025, wakati mji wa Goma unaanguka mikononi mwa waasi, wakosoaji hawakuanza na laana. Walikuwa na tarakimu za kuanzia, na waliuliza: kwa fedha zote hizo, msaada wa anga uko wapi? Waziri wa Ulinzi akaitwa mbele ya kamati ya bunge kujibu. Tarehe 13 Machi 2025 viongozi wa SADC wakakifuta kikosi. Goma ndiyo iliyokivunja, si kamati. Lakini serikali ya kule ilishindwa kusema kwamba kila kitu kilikwenda sawa.

Tanzania nayo ilitangaza vifo vya askari wawili katika mapigano yale. Lakini Ibara ya 44 ya Katiba yetu inazungumzia Rais kutangaza hali ya vita: akitangaza, nakala inapelekwa kwa Spika, na Bunge linaitwa ndani ya siku 14 kuzungumza kama linaunga mkono. Operesheni ya kikanda haitangazwi kuwa hali ya vita, na ibara hiyo haitaji barua ya mambo manne kama ya Afrika Kusini. Pengo hilo lazima mbunge alizibe kwa swali, na swali baya haliwezi kuliziba.

Swali baya ni hili: "Kwa nini Serikali inawapeleka vijana wetu kufa Kongo?" Jibu lake tayari limeandikwa: Tanzania inatekeleza wajibu wake wa kimataifa, wapiganaji wetu ni mashujaa, tuwaombee. Makofi, basi. Ukiuliza idadi ya askari na mahali walipo, utajibiwa kwamba ni siri ya kijeshi, na safari hii waziri ana haki.

Swali zuri linakwepa pande zote mbili. Linauliza fedha, muda na stahiki, vitu ambavyo si siri ya uwanja wa vita:

"Je, ni kiasi gani kimetumika kutoka Fungu 38 kwa ajili ya operesheni ya SADC nchini Kongo tangu Disemba 2023, na ni lini familia za waliofariki zitakamilishiwa stahiki zao zote?"

Fungu ni sehemu yenye namba katika kitabu cha bajeti. Fungu 38 ni la Jeshi la Wananchi (Ngome). Fungu 39 ni la JKT na Fungu 57 ni la Wizara ya Ulinzi yenyewe. Ukitaja fungu, waziri anajua kwamba umefungua kitabu cha bajeti. Muulizaji ana nafasi ya maswali mawili ya nyongeza, na hapa wabunge wengi hupoteza moja kwa kushukuru na kupongeza. Mshauri mbunge wako ayapange hivi: la kwanza litake tarakimu iliyokosekana katika jibu la msingi, la pili litake tarehe. Yaandikwe kabla, kwa majibu mawili yanayotarajiwa, kwa sababu dakika ile haimpi mtu nafasi ya kufikiri.

Tofautisha pia operesheni ya Umoja wa Mataifa na ya SADC, maana fedha zake hazipitii njia moja. Kwa walinda amani wa Umoja wa Mataifa, nchi inarejeshewa kiwango kwa kila askari kwa mwezi. Kuanzia Julai 2018 kilikuwa dola 1,428, na Julai 2022 kikapanda kuwa dola 1,448. Anayekufa au kujeruhiwa huko yumo katika utaratibu wa fidia wa Umoja wa Mataifa. Aliyekuwa chini ya SADC hayumo. Swali linalochanganya hayo mawili linajibiwa kwa sentensi moja ya kukusahihisha, na muda wako umekwisha.

Umoja wa Mataifa una faida nyengine: unajichunguza kwa maandishi. Tarehe 7 Disemba 2017 kambi ya walinda amani huko Semuliki, Kivu Kaskazini, ilivamiwa na walinda amani wa Tanzania wasiopungua 14 wakauawa, na misiba yao ilifika mpaka visiwani. Muhtasari wa uchunguzi uliotolewa Machi 2018 ulitaja mapungufu waziwazi: mafunzo, uongozi na amri, kukosekana kwa mpango wa kuwaongezea nguvu au kuwaokoa waliozingirwa, na uhaba wa ndege, wahandisi na habari za kijasusi. Huo ni ushahidi ambao hakuna atakayesema umeokotwa kijiweni. Mbunge anaweza kuuliza pungufu moja baada ya jengine: hili la ndege limerekebishwa vipi kabla ya kupeleka kikosi kipya?

Wakati wa kupeleka ni jambo la kupangwa. Mkutano wa bajeti huanza Aprili na kumalizika mwisho wa Juni, na makadirio ya Wizara ya Ulinzi husomwa ndani ya miezi hiyo. Mbunge akitaka maelezo ya kweli anaweza kushika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani kutoa hoja ya kuupunguza kwa shilingi moja, katika Kamati ya Matumizi. Wengi huirudisha baada ya maneno mawili matamu; muombe asiirudishe mpaka itajwe tarehe. Na ajitokeze mapema, kwa sababu muda ukimalizika mafungu yaliyobaki hupitishwa kwa jumla bila ya kuulizwa. Alhamisi kuna maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, lakini hayo ni ya sera pana na kwa tarakimu hayafai.

Karatasi utakayompa mbunge isizidi ukurasa mmoja: swali, chanzo cha kila tarakimu, maswali mawili ya nyongeza, na jina la shehia zilizoguswa bila ya kutaja majina ya familia. Mpe mkononi akiwa jimboni, kabla hajaenda Dodoma. Akishauliza, soma Taarifa Rasmi za Bunge (Hansard), nakili jibu neno kwa neno na uhifadhi tarehe ya kikao. Jibu hilo ndilo mali. Ahadi ya waziri iliyomo kwenye Hansard inaweza kurejewa mwaka unaofuata. Ahadi ya kwenye mkutano wa hadhara haina pa kurejewa.

Redio: karatasi kwanza, sauti baadaye

Redio inaifikia nyumba ambayo Hansard haitaifikia milele, na redio za jamii kama ile ya Micheweni zinasikika mpaka kwa wavuvi na wakulima wa mwani. Hatari yake ni ulimi.

Tarehe 29 Mei 2003, saa 12 na dakika 7 asubuhi, Andrew Gilligan wa BBC alisema hewani, bila ya kusoma maandishi, kwamba huenda serikali ya Uingereza ilijua kuwa dai la silaha za Iraq kuwa tayari ndani ya dakika 45 si sahihi kabla ya kulitia katika waraka wake. Sehemu kubwa ya habari yake ilisimama: silaha hazikuonekana, na ripoti ya uchunguzi ya Butler ya Julai 2004 ilililaumu dai la dakika 45. Lakini neno "ilijua" hakuweza kulithibitisha. Ripoti ya uchunguzi wa Jaji Hutton ya tarehe 28 Januari 2004 ikalishika neno hilo, na mwenyekiti wa BBC, mkurugenzi mkuu na Gilligan mwenyewe wakaondoka. Kwa miezi nchi ilijadili sentensi ya mwandishi, na waraka wa serikali ukapata kupumua.

Kwa hiyo kipindi cha namna hii kirikodiwe. Kisiende moja kwa moja hewani. Gawa maneno yako mafungu matatu na uyaseme hivyo hivyo: tunachokijua (na karatasi yake), tunachokiuliza, na maoni yetu. Neno "walijua" au "wamekula" lisitoke kinywani bila ya hati. Jina la marehemu lisitajwe kabla ya familia kuarifiwa rasmi, na mahali kikosi kilipo, njia zake na silaha zake visitajwe kabisa. Sheria ya Usalama wa Taifa haitanii, na pia ni roho za watu. Alika upande wa serikali kwa barua, weka nakala iliyogongwa muhuri, na wasipokuja sema hewani kwamba walialikwa tarehe fulani.

Kipande cha sekunde 30 kitakatwa na kuzungushwa kwenye simu, hilo lihesabu limeshatokea. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinaadhibu taarifa ya uongo kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Sentensi ndefu zenye masharti ndani yake ndizo zinazokatwa zikageuka maana. Sema kwa sentensi fupi, kila moja isimame peke yake.

Khutba na mihadhara ya msikitini tunaitenga. Inawagusa watu zaidi kuliko redio, lakini inapitia Ofisi ya Mufti na ina adabu zake, na vita vikishageuzwa kuwa hoja ya dini, swali la fedha na uongozi halisikiki tena.

Maandamano: saa 48 na muhuri

Sheria ya polisi inataka taarifa ya maandishi isiyopungua saa 48 kabla, kwa mkuu wa polisi wa eneo, ikitaja mahali, saa na madhumuni. Taarifa, si ombi. Watu huandika "tunaomba ruhusa" kwa heshima, kisha hushangaa kujibiwa kwamba ruhusa haikutolewa. Andika "tunatoa taarifa". Polisi wanaweza kuzuia wakiona amani itavunjika, na aliyezuiliwa ana rufaa kwa Waziri, ambaye uamuzi wake ni wa mwisho.

Saa 48 zinahesabiwa kwa saa. Maandamano ya Jumamosi saa 4 asubuhi, taarifa ifike kabla ya saa 4 asubuhi ya Alhamisi. Ifikishe Jumatano na usibishane na mtu. Nakala yako igongwe muhuri wenye tarehe, na saa iandikwe kwa kalamu. Njia nayo huangusha watu: kutoka Mwanakwerekwe hadi Darajani umeondoka Magharibi B na kuingia Mjini, wilaya mbili, na kila moja ina mkuu wake wa polisi. Barua moja kwa mmoja wao ni sababu tosha ya kukuzuia katikati ya barabara.

Tungependelea mkusanyiko wa kusimama pahala pamoja, Kibandamaiti au Gombani, kuliko msafara. Taarifa ni ile ile, lakini hakuna makutano ya barabara, hakuna maduka ya kufunga milango, na mgeni mwenye nia mbaya anaonekana upesi. Mlinzi mmoja wa kwenu kwa kila watu 25, dai moja kwenye mabango yote, na mkutano umalizike alasiri, watu wafike majumbani kabla ya Magharibi. Mikutano ya vyama ilikuwa imefungwa tangu 2016 na kufunguliwa Januari 2023, na Pemba bado inaikumbuka Januari 2001, risasi na wakimbizi waliovuka hadi Shimoni, Kenya. Mzee anayemzuia kijana wake asitoke anajua anachokisema. Usimpangie mtu wa Pemba ujasiri ukiwa umekaa Mji Mkongwe.

Mahakama: hoja nyembamba ndiyo inayopita

Uingereza tena. Mwaka 2008 mama wa askari waliouawa Iraq waliiomba mahakama ya juu iamuru uchunguzi wa jinsi serikali ilivyoamua kuingia vitani na ushauri wa kisheria iliyoupata. Majaji wote tisa walikataa. Mwaka 2013 familia nyengine zilikuja na dai dogo: magari na vifaa walivyopewa askari havikufaa. Mahakama ya Juu, kwa wingi wa majaji, ikaruhusu kesi ziendelee. Vita ni vile vile, majaji ni wa nchi ile ile. La kwanza liligusa uamuzi wa dola, la pili uzembe katika kutunza roho ya mtu aliyeajiriwa.

Kwetu, anayetegemea haki za msingi katika Katiba ya Muungano anatakiwa, tangu marekebisho ya 2020, aonyeshe ameathirika yeye binafsi. Jumuiya ya vijana yenye uchungu tu haitafika mbali. Mjane au mzazi wa marehemu ndiye mwenye kesi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha, lakini Tanzania iliondoa tamko la kuwaruhusu watu binafsi kuishitaki moja kwa moja, na uamuzi huo ukaanza kazi Novemba 2020. Iliyobaki wazi ni Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo ipo Arusha pia. Haikutaki umalize kwanza mahakama za ndani, lakini shauri lifunguliwe ndani ya miezi miwili tangu kitendo kitokee au tangu ukijue. Familia nyingi humaliza eda na arubaini, zikafuatilia barua za mafao, na zinapomkuta wakili miezi hiyo miwili imeshapita. Kwa hiyo barua ya kwanza ya kuuliza stahiki iandikwe wiki ile ile ya maziko, na mtu mmoja wa familia, asiye mjane, apewe jukumu la kuhesabu siku.